Barua Niliyomwandikia Rahel

Mimi sina subira, na safari hii iliniponza. Mwaka 1994 nilikuwa fundi wa maabara Dar es Salaam, kazi yangu kujaribu dawa za miti kwenye seli za saratani zinazooteshwa ndani ya vichupa. Mzizi mmoja niliutoa kwetu Kilimatinde. Dada yangu Rahel, aliyenilea, alikuwa na uvimbe kwenye titi na alikuwa akiuchemsha mzizi huo na kunywa. Hospitali walitaka kumpasua. Yeye alisema atangoja majibu yangu kwanza.

Uliochemshwa kwa maji haukufanya lolote. Uliolowekwa kwenye spiriti uliua seli zote za saratani kwa siku mbili. Nilifurahi mno, nikamwandikia barua siku ileile. Seli nzima, zisizo na saratani, tulikuwa hatujazijaribu, na nililijua hilo.

Wiki tatu baadaye tukazijaribu. Nazo zilikufa zote.

Nilipanda treni siku hiyohiyo. Kila kituo nilishuka kuuliza kwa nini haiondoki, hadi abiria mwenzangu akaniomba nikae kwa sababu namtia kizunguzungu. Manyoni nikakuta basi la mtu binafsi likingoja lijae. Nilimfokea konda, akanijibu kwamba siku hizi ni biashara huria, nitafute jingine. Nikakodi baiskeli, kilimani nikaisukuma.

Rahel alikuwa uani akipepeta uwele. Nilimpa shikamoo huku nahema, kisha nikaona macho yake yamekuwa ya manjano.

Barua aliielewa sawasawa, akaniambia. Ila spiriti angeipata wapi? Yeye mlokole, asiyegusa hata togwa iliyochacha, alinunua gongo, akaloweka mzizi, akawa anakunywa kijiko asubuhi na jioni, na kwa kila kijiko anatubu. Habari ya kupasuliwa alikuwa ameachana nayo.

Nilitamani aniwashe kofi kabla sijafungua mdomo.

“Dada, acha leo hii. Inaua hata seli nzima. Nilikuandikia kabla sijamaliza kupima.”

Aliweka ungo chini polepole. Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi.

“Basi wahi kwa Cecilia na kwa mama Alute,” alisema. “Nao wana uvimbe. Barua yako ilisomwa kanisani, wakaanza kunywa.”

Nilitoka mbio kuelekea kwa Cecilia, nisijue hata neno la kuanzia.