Mguu wa Kushoto Umekiri

Asubuhi ya kesi, fundi cherehani alikuwa akifumua suruali ya mumewe, upande mmoja tu, kuanzia kwenye pindo hadi juu ya goti. Goti lilikuwa limezungushiwa vyuma na mikanda, na suruali ya heshima mumewe alikuwa nayo moja, ile ya kijivu. Alifumua, akashonea vifungo ili ifungike juu ya vyuma, akaipiga pasi. Mumewe, mlinzi wa maegesho ya hoteli, aliivaa akiwa amekaa kitandani, akasema imependeza. Wakaondoka na mdogo wake mlinzi, ambaye ni mpaka rangi, naye alikuwa amebeba kopo la rangi kwa sababu kutoka mahakamani alitakiwa aende moja kwa moja kazini.

Kesi yenyewe haikuwa na fumbo. Mshambuliaji wa timu ya taifa, ambaye nchi nzima humwita Radi, alitaka kuweka gari lake mahali pa gari la wagonjwa. Mlinzi alimwambia, "Samahani kaka, hapo haparuhusiwi." Radi alishuka, akampiga teke la goti, akarudi ndani ya gari na kumwambia dereva wake aliegeshe pale pale. Lilikuwa teke la mguu wa kulia. Radi hupigia mguu wa kulia kila kitu, adhabu, kona na penalti. Wa kushoto alikuwa nao wa kupandia ngazi. Kamera ya hoteli ilinasa yote, na kila mwenye simu alikuwa ameshatazama.

Mwendesha mashtaka na wakili wa Radi waliomba muda kidogo, wakaingia chumba cha nyuma. Kijiko kilisikika kikikoroga chai, kisha kicheko, kisha kijiko tena. Walipotoka, mwendesha mashtaka, mama mmoja mwenye miwani na mafua, alimweleza hakimu kwamba pande zote mbili zimefikia makubaliano. Mguu wa kushoto utakiri kosa, na mashtaka dhidi ya sehemu nyingine za mwili yataondolewa.

"Mguu wa kushoto," hakimu aliuliza, "unakiri kwa hiari yako, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu?"

Mguu ulipiga hatua moja mbele. Radi akaufuata, maana bado walikuwa pamoja. Hakimu aliandika kwamba umekiri.

Mlinzi alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, ni wa kulia."

"Mzee, ukweli umeshakubaliwa."

"Umekubaliwa na nani?"

"Na pande zote mbili."

"Na mimi niko upande upi?"

Hakimu hakuwa mtu mkali. Alimweleza taratibu kwamba yeye ni shahidi, na shahidi huhitajika watu wanapobishana. Hapa hakuna aliyebishana. Kisha akauhukumu mguu kutumikia kwa mlalamikaji, nyumbani kwake, kwa muda wote wa mapumziko ya ligi.

Askari alimkalisha Radi kwenye benchi, akauvua mguu kuanzia nyongani kama mtu anavyomvua mtoto buti la mvua, akaufunga kikaratasi kwenye kidole gumba. Radi alipewa magongo. Alitoka nje akirukaruka kwa mguu wa kulia na kuwapungia watu, na waandishi wa habari wakamuuliza kuhusu msimu ujao.

Mpaka rangi alikuwa amesimama kwenye ngazi za mahakama. Kwake, juu ya kitanda, kulikuwa na picha kubwa ya Radi, na jezi ya Radi ndiyo aliyokuwa akivaa kazini hadi ikajaa madoa. Pengine ndiyo maana ilimuuma zaidi. Alirusha kopo kwa mkono wa kulia, likapasukia kwenye kioo cha mbele cha gari la Radi, na gari zima likawa rangi ya korido ya zahanati. Hakuumia mtu. Alikamatwa hapo hapo, mwili mzima, na hakuna aliyeuliza ni sehemu gani iliyorusha.

Hapo ndipo balaa la kweli lilipoanza. Mlinzi asiyeweza kusimama si mlinzi, na hoteli ilikuwa imeshampa mtu mwingine filimbi yake. Mpaka rangi ndiye aliyekuwa amebaki kuisaidia cherehani kuilisha nyumba, na sasa yuko mahabusu. Fundi cherehani alikuwa na jambo moja tu kichwani tangu siku hiyo: kumrudisha shemeji yake nyumbani.

Mguu uliletwa keshoyake asubuhi kwa gari la mahakama. Ulishuka wenyewe, ukajifuta kwenye kitambaa cha mlangoni, ukasimama sebuleni umevaa soksi safi ndefu. Afisa aliyeuleta alisema ukileta ukorofi apigiwe simu.

"Unakula?" fundi cherehani aliuliza.

"Hauli."

"Afadhali."

Siku za mwanzo ulikuwa kero tupu. Ukifagia unaukuta mbele yako, ukiuhamisha unaukuta jikoni. Fundi cherehani alikuwa amejiandaa kuuchukia, na alikuwa na haki hiyo. Lakini mchana mmoja, akiwa na rundo la sare za shule na miguu yake mwenyewe imemvimba, mguu ulikuja ukapenya chini ya meza, ukamsukuma kidogo, ukaanza kukanyaga pedali ya cherehani. Ulikanyaga vizuri. Haukuharakisha wala kusinzia, na mshono ulinyooka kuliko wa jana yake. Ilimkera sana. Hakuna kitu kinachochosha kama kumkasirikia mtu asiyekosa.

"Una adabu kuliko mwenyewe," aliuambia, akaushonea mfuko wa sufu wa kuvaa asubuhi za baridi.

Majirani nao wakaanza kumiminika. Walikuja na watoto wao kupiga picha, wakauomba uweke alama ya kidole kwenye mipira.

"Jamani, huu ni wa kushoto," fundi cherehani aliwaambia kila mara.

"Lakini si wa Radi?"

"Ni wa Radi."

"Basi."

Jirani mmoja, akiwa amekumbatia mguu, alimlaumu mpaka rangi. Alisema kopo lingeteleza kidogo tu lingempata Radi kwenye goti, na hapo nchi ingekuwa mgeni wa nani? Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake na vyuma vyake, goti limenyooshwa juu ya kigoda. Fundi cherehani alimwomba jirani aende akapike kwake.

Mlinzi hakuwahi kuusalimu mguu. Jioni moja ulipokuwa umesimama karibu na kiti chake, aliuambia, "Nimekuwa nikifikiri. Siku ile wewe ulikuwa umesimama chini."

Mguu ulikunja vidole ndani ya soksi.

"Mwenzio asingeweza kupiga kama wewe usingesimama."

"Usianze sasa," mkewe alisema. "Una sare zangu za kushona kesho, usinitie huzuni mfanyakazi."

Ni kwa kuukanyagisha pedali ndipo wazo lilipomjia. Kama sheria inaweza kuchukua mguu na kuacha mtu, inaweza pia kuchukua mkono na kuacha mpaka rangi. Tena yeye haombi mkono wa uongo. Alivaa kitenge chake kizuri, akaenda kwa mwendesha mashtaka, akamkuta koridoni akipenga kamasi.

"Nimekuja kwa ajili ya shemeji yangu. Chukueni mkono wa kulia. Ndio uliorusha, hatubishi. Mtuachie yeye aliyebaki, anaweza kupaka rangi kwa kushoto akijifunza."

Mwendesha mashtaka alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Mama, wazo si baya. Ila hayo makubaliano yana watu wake. Radi akifungwa mzima, wanaoumia ni wengi. Timu, wadhamini, mashabiki. Shemeji yako akifungwa mzima, anaumia nani?"

"Sisi."

"Ndiyo. Sasa nyinyi mko wangapi?"

Fundi cherehani alitaka kumjibu, na jibu lilikuwa refu, lakini mwendesha mashtaka alikuwa ameshapiga chafya na kufungua mlango wake. Kabla hajaufunga alitoa kichwa nje, kwa nia njema kabisa.

"Mwambie tu akiri. Ukikiri unafikiriwa."

Mpaka rangi alikiri. Alisema alirusha kopo, akataja mkono, akaomba radhi kwa gari. Hakimu alimshukuru kwa kutoipotezea mahakama muda, akampa mwaka mmoja, mzima. Fundi cherehani alisimama akauliza kama ule mkono wa kushoto nao umekiri. Hakimu alimwambia akae. Alikaa, na alipofika nyumbani alikuta mguu umeshazipanga sare zote chini ya meza kwa kuzisogeza na kidole.

Mapumziko ya ligi yalikwisha. Radi aliyapitisha kando ya bwawa la kuogelea, akipigwa picha za matangazo kwa upande wa kulia, na kocha wake alisema mapumziko yale yamemfaa. Asubuhi ya mwisho hawakutuma gari la mahakama. Alikuja dereva wa Radi mwenyewe, na gari lile lile, limesafishwa hadi kioo chake hakionekani kama kipo. Alikuwa na blanketi la kuufunikia mguu.

Mguu ulimaliza pindo uliloanza. Ulitoka chini ya meza, ukasimama mbele ya kiti cha mlinzi, ukakunja goti kidogo. Mlinzi aliutazama.

"Sawa," alisema. "Wewe nimekusamehe. Hukuwa na kosa, lakini hakuna mwingine aliyekuja."

Kisha akamgeukia dereva. "Kamwambie tajiri wako ulikuwa wa kulia."

"Baba, si nilikuwepo?" dereva alisema, akiufunika mguu vizuri. "Nilikuwa nyuma ya usukani. Tunajua wote."

Akafunga mlango wa gari kwa uangalifu, akaondoka.

Jumamosi hiyo fundi cherehani alikwenda kumwona shemeji yake gerezani. Alimkuta nyuma ya wavu, amekonda, mikono yote miwili imebabuka kwa chokaa kwa sababu walikuwa wamempa kazi ya kupaka kuta. Alimuuliza kama anakula, akasema anakula. Naye aliuliza habari za goti la kaka yake, na kama mguu umerudi salama kwa mwenyewe.

"Umerudi. Sasa nakanyaga mwenyewe, miguu imenivimba tena."

"Pole, shemeji. Nikitoka nitakukanyagia."

Kwenye dawati la mlango askari magereza alikuwa na televisheni ndogo, ameigeuzia kwake, lakini sauti ilikuwa ya watu wote. Ligi ilikuwa imefunguliwa. Mtangazaji alianza kupandisha sauti. Radi alikuwa ameupata mpira nje ya boksi, anajisimamisha kwa kushoto, anavuta wa kulia nyuma. Fundi cherehani alikuwa katikati ya sentensi kuhusu rufaa, na aliona macho ya shemeji yake yamehama.

"Gooo!" askari aliruka. Wafungwa waliokuwa uani nao waliruka.

Na mpaka rangi, kabla hajajizuia, alikuwa ameshainua mikono juu na kuanza kupiga makofi. Alipokumbuka aliona aibu, akapunguza, lakini hakuacha kabisa. Bao lilikuwa zuri kweli.

Fundi cherehani alikuwa anautazama ule mkono wa kushoto, ambao haukurusha kitu na haukukiri kitu, ukipigana na mwenzake, na wote wawili walikuwa wamebakiza kifungo sawasawa.