Kosa la Kupona

Kati yangu na chungu cha kabichi kulikuwa na ukuta wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimepasuka. Nililala ubavu, pua kwenye ufa, nikivuta harufu ya vitunguu na kipande cha mafuta ya nguruwe kikiyeyuka taratibu. Upande wa pili mama mkwe wangu, Mengarda, alikuwa akikoroga. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimepona, na nilikuwa nakufa njaa ndani ya nyumba iliyojaa chakula.

Ngoja nieleze vizuri, maana mtu asiyejua mambo ya kule milimani kwetu atadhani Mengarda alikuwa mchawi. Hata kidogo! Mwanamke yule alinipenda kuliko mama aliyenizaa, na mpaka leo, nilivyo kikongwe nisiye na meno, sijapata kupendwa hivyo tena.

Nilijifungua mtoto wa kike theluji ilipoanza, na homa ya uzazi ikanishika. Nikaweweseka, nikawa simtambui hata mume wangu, Vidal. Hapo wakamwita Mtu Mwema. Hivyo ndivyo tulivyowaita wahubiri wetu wa siri. Maaskofu waliwaita wazushi, na waliowakamata waliwachoma moto. Watu Wema walitufundisha kwamba roho zetu zilianguka kutoka mbinguni, Shetani akazifungia ndani ya miili, na kwamba hakuna padri wala maji ya ubatizo yawezayo kuzifungulia. Kinachofungua ni mikono ya Mtu Mwema juu ya kichwa chako, pamoja na kitabu cha Injili ya Yohana. Basi akaja amejifanya muuza sindano, akaniuliza kama nataka, akaniwekea mikono. Wanasema niliitikia kwa kichwa. Naamini, kwa sababu kwetu kila mtu alitamani kufa hivyo.

Lakini ukishawekewa mikono, wewe si wa dunia tena. Nyama, yai, maziwa, marufuku. Uongo marufuku, kiapo marufuku, mwanamume asikuguse hata kwa kidole. Na mgonjwa hupewa maji tu mpaka roho itoke, isije ikachafuka njiani. Ukimeza kitu kingine, umepoteza kila kitu. Kwa kawaida mambo hayo hayakuchukua muda, kwani Mtu Mwema aliitwa mtu akiwa anakata roho. Mimi waliniwahi mno. Asubuhi moja homa ikaniachia, nikafumbua macho, nikasema, "Mama, nina njaa."

Nilidhani angefurahi. Mengarda alikaa chini kwenye sakafu, pale pale aliposimama.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Usiseme hivyo."

"Hata kipande cha mkate?"

"Kunywa maji."

"Maji nimekunywa mpaka nimechoka, mama! Tumbo linanguruma."

"Liache lingurume. Unataka urudi duniani ukiwa mbuzi? Maana roho ikikosa njia huingia popote. Utakuja hapo mlangoni, mee, mee, na mimi nitajuaje kama ni wewe? Nitakukamua tu."

Alitaka kunichekesha, na kweli nilicheka, kisha tukalia wote wawili. Akakilaza kichwa changu mapajani, akaanza kunitoa chawa, kama alivyofanya kila Jumapili tangu nilipoolewa. "Vumilia, Gauzia. Umeshafika," alisema. "Mimi nitakufa sina kitu. Yule Mtu Mwema amevuka milima kwenda nchi ya Lombardia, nani ajuaye kama atarudi? Wewe unao wokovu mkononi, halafu uutupe kwa ajili ya kabichi?" Alikuwa na haki ya kuogopa. Yule muuza sindano alikamatwa njiani, akachomwa, na hakuja mwingine baada yake.

Vidal alikuja siku moja mama yake alipokwenda kisimani. Alisimama mbali na kitanda, asiniguse, kipande cha mkate wa shayiri kikiwa ndani ya shati. Nilinyoosha mkono. Mlango ukalia, Mengarda akaingia na ndoo yake, akatutazama.

"Leo utampa mkate," akamwambia mwanawe. "Na roho utampa lini?"

Maskini Vidal! Alisimama na ule mkate, asijue aufanye nini, mwishowe akaula yeye mwenyewe mbele yangu, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Kisha akaenda zake kwa kondoo. Nilimchukia siku ile, sifichi.

Lakini msidhani nilifungiwa. Mlango haukuwa na komeo, ningeweza kutambaa mpaka kwenye chungu. Nilikuwa nikiamini kama wao. Kila nilipojiinua kwa kiwiko niliiona mbingu ikifungwa usoni mwangu, nikalala tena. Nilimsikia mwanangu akilia nyumba ya jirani, alikopelekwa kunyonyeshwa, na maziwa yangu yalikuwa yakikauka. Nilikuwa namwomba Mungu anichukue, na papo hapo namwomba ugali wa mtama. Sikujua anasikiliza ombi lipi.

Aliyekuja ni padri.

"Mengarda!" Padri Bartolmiu alipiga kelele mlangoni. "Mbona unajifungia, umeficha bwana?"

"Ningekuwa naye, padri, ungekuwa wa kwanza kuona wivu."

Padri alicheka, akaingia. Nyuma yake aliingia mtu ambaye hakucheka, mtu wa askofu kutoka mjini bondeni. Majirani wamesema kuna mgonjwa mahututi hapa, padri akaeleza, naye hakuitwa. Basi amekuja mwenyewe na mafuta matakatifu na komunyo. Wakati akisema hayo, mtu wa askofu alifunua chungu, akachungulia, akafunika. Kisha akaja kusimama juu yangu.

"Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Jana?"

"Sijala."

"Tumbo lake halishiki kitu, bwana," Mengarda akadakia. "Kila akilacho anatapika."

"Nimemuuliza yeye. Huna hamu ya kula?"

Uongo ulikuwa marufuku. Nilimtafuta Mengarda kwa macho, sikuona pa kukimbilia. "Nina njaa," nikasema. "Nina njaa sana."

Mtu wa askofu aligeuka polepole. "Ana njaa, chungu kimejaa, naye hali kitu. Hii ni nyumba ya namna gani?"

Sote tulijua nyumba za namna ile hufanywa nini. Hubomolewa, mbao zake huchomwa, wenyewe hutupwa kifungoni wasitoke tena. Padri Bartolmiu, ambaye alikuwa mlevi na mpenda wanawake lakini hakuwa mtu mbaya, akakohoa. "Labda walimfungisha saumu tu," akasema, "ili apokee komunyo akiwa hajala."

"Vizuri," mtu wa askofu akasema. "Basi apokee."

Padri akaitoa hostia, mkate mwembamba wa komunyo. Kwao ule ulikuwa mwili wa Mungu. Kwetu ulikuwa mkate tu, na mkate ndio niliokatazwa. Nikikataa, Mengarda na Vidal wanakwenda kifungoni, na mwanangu anabaki yatima wa wazushi. Nikipokea, mimi ndiye ninayepotea, milele. Na wakati nikiwaza hayo yote, aibu gani hii, mate yalinijaa mdomoni.

Sikuweza kuamua. Nilimtazama Mengarda. Alikuwa ameikamata aproni yake kwa mikono miwili. Kwanza alitazama moto, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

"Fungua mdomo, mwanangu," akasema.

Nikafungua. Kilikuwa kitu chembamba, kiliyeyuka kabla sijajua ladha yake. Mtu wa askofu alinitaka nifungue tena, akakagua chini ya ulimi, akaridhika. Padri alinipaka mafuta harakaharaka, na alipokuwa akitoka alimnong'oneza Mengarda, "Mpe supu huyo, kwa jina la Mungu."

Mlango ulipofungwa alikwenda moja kwa moja kwenye chungu. Alinijazia bakuli mpaka juu, kabichi, mafuta, vyote, akanikalisha na kuniegemeza ukutani.

"Kula," akasema. "Hakuna cha kulinda tena."

Nilikula kwa mikono, nikaunguza ulimi, sikujali. Mengarda alikaa chini kando ya kitanda, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akatimua nywele zake nyeupe, akaanza kuomboleza kama wanawake wa kwetu wanavyoombolezea maiti, akiyumba, akilitaja jina langu na sifa zangu moja moja. Jinsi nilivyosokota sufu. Jinsi nilivyoimba nikikamua. Jinsi nilivyoingia nyumba ile nikiwa bibi harusi, viatu mkononi.

"Alikuwa mkwe mwema," alisema, akinitazama usoni.

Nikamsogezea bakuli tupu. Akafuta machozi kwa kiganja, akainuka, akanijazia tena.