Sabuni Haina Ndugu Kwenye Pilau

Mume wangu Shakuru hataki karatasi. Nikimtuma sokoni Mutakura ananijibu, "Apana, Mama Assia, mi nashika na kichwa," kisha anatoka hapa Cibitoke akiyaimba maagizo yangu kwa mahadhi ya kasida: mchele, sabuni, kitunguu, bizari.

Ijumaa iliyopita alikutana njiani na jirani yetu Pontien. Pontien hajui kusalimia kwa mkato. Aliulizia watoto, wazazi, kazi, hata shemeji yangu aliyehamia Kigoma. Walipoagana, kasida ilikuwa imeshamtoka kichwani.

Shakuru akarudi na kapu zito na uso wa mshindi. Mchele, kitunguu, bizari. Na iliki, ambayo sikuitaja, lakini aliapa wallahi kwamba niliitaja. Sabuni hakuna, na vyombo vichafu vimejaa beseni.

Nilikasirika, halafu nikafikiri. Wimbo ulipokatika, vitu vya chungu kimoja vilishikana mikono kichwani mwake, vikamvuta na mwenzao iliki. Sabuni haikuwa na ndugu humo.

Leo nimemtuma kwa kisa. "Baba Assia, tunapika mchele na kitunguu na bizari, tunakula, tunashiba, vyombo vinaoshwa kwa sabuni."

Ameleta vyote. Tumekula, tumeshiba. Kabla sijainuka, ameinuka yeye, akakunja mikono ya kanzu, akaenda kuosha vyombo huku akiimba.

Ijumaa ijayo kisa ni hicho hicho, nitaongeza tu kwamba nyumba inapigwa deki.