Kimeo Changu Upande Mwekundu

Usiku wa kuamkia leo niliota ramani imeshuka ukutani na kujitandika sakafuni, nami nimesimama juu yake bila viatu.

Ni ramani yangu mwenyewe. Kazi yangu ni kuchora jinsi kila wilaya inavyotibu kikohozi. Jana nilimaliza kupaka rangi: nyekundu ni wanakokata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, njano ni wanakonywesha mgonjwa tangawizi na kumrudisha nyumbani. Katikati nilipitisha mto kwa wino wa bluu. Nyumba yetu iko kwenye nyekundu. Mke wangu Mwanakheri alikatwa chake tangu utotoni, na jana aliapa kwamba leo asubuhi ni zamu yangu.

Nakohoa, mara moja tu. Koleo la kukatia vimeo linabisha hodi, limevaa kofia ya nesi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," naitikia meno yakiwa yameumana. Adabu ni adabu.

"Fungua kinywa."

"Nimepaliwa na vumbi tu."

"Upande huu hatuna vumbi," linasema kwa upole. "Tuna vimeo."

"Hata hujaniuliza naumwa nini!"

"Tunauliza unalala wapi. Inatosha."

Nimekasirika, na kusema kweli naogopa. Kimeo ni kidogo, sijui hata faida yake, lakini ni changu na tumekula pamoja miaka mingi. Nakimbia hadi mtoni. Ng'ambo, hatua moja tu, bwana mmoja anakohoa kikohozi changu kile kile na anapewa kikombe.

"Huvuki," unasema mto. "Ulinichora mnene."

"Nilitaka upendeze."

"Nimependeza. Rudi kwenu."

Natoa raba mfukoni. "Mimi nafuta penseli tu," inasema, na kugeukia upande wa pili kulala.

Imebaki njia ya shuleni: kulamba kidole na kusugua wino. Lakini kulamba ni kufungua kinywa, na koleo limeshafika nyuma yangu, linasubiri bila haraka yoyote.

Nafumba macho, nalamba. Koleo linaruka. Nasugua mto kwa nguvu zangu zote, karatasi inatoboka, nami natumbukia.

Niliamka nakohoa. Mwanakheri alikuwa amesimama na kikombe.

"Kunywa tangawizi, baba Zuhura. Kitaisha chenyewe."

Nilikipokea. Kidole changu cha shahada kilikuwa cha bluu.

"Si tunakwenda kukata kimeo?" nikauliza.

"Kukata kimeo! Makubwa haya! Hayo ni mambo ya watu wa ng'ambo ya mto. Sisi tangu lini?"

Akacheka kwa kinywa wazi, kichwa nyuma. Na kule ndani, nyuma ya ulimi, nikakiona kimeo chake, kizima, kinaning'inia na kucheka naye.