Maboksi Mawili Yasiyofanana

Nilishika pembe moja ya boksi langu mwenyewe nikawasaidia wezi kulibeba. Tena nilitangulia kuwafungulia mlango.

Sikujua kuwa ni wezi. Canter ilikuwa imetupandisha kutoka Masasi, tumefika Newala ukungu ungali juu ya mabati, na tulikuwa tunashusha vyombo vya muziki nyumbani kwa bwana harusi. Akaja mama mmoja mnene, mchangamfu, kanga kiunoni, na wenzake nyuma.

"Shikamoo, mama," nikasema nikipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Hilo zito, tukusaidie."

Nikaona nimepata watu wema. Tukalibeba pamoja boksi la spika, tukapita sebuleni hadi chumba cha ndani. Walipolitua, yule mama akalikalia.

"Haya," akasema. "Limetekwa. Mimi naitwa Mama Faridi, shangazi wa bwana harusi. Nenda kawaambie Wamasasi wenzako kwamba ukoo wetu na ukoo wa bibi harusi ni watani, na hili halitoki hapa mpaka tuletewe jogoo."

"Lakini mama..."

"Jogoo mweupe. Asiwe na doa hata moja."

"Na ahsante kwa kutubebea," akaongeza mwenzake. Wakacheka mpaka mmoja akaegemea ukuta.

Nilirudi nje nikitamani ardhi inimeze. Mimi ndiye mpiga gitaa la besi wa bendi iliyokuja na upande wa bibi harusi. Tulikuwa na maboksi mawili ya besi yanayofanana kabisa, kila moja na spika moja kubwa. Hata yakiwa mawili, watu walilalamika kwamba besi haieleweki. Kiongozi wetu, Optatus, ni mtu mpole, lakini asubuhi hiyo, tulipokuwa tunaondoka kwetu Mkomaindo, pale Masasi, aliniambia wazi: "Zuhra, leo ndiyo leo. Besi isiposikika Newala, Yeremia ataipiga kwenye kinanda kwa mkono wa kushoto. Wewe utabaki fundi wetu wa umeme."

Njia nzima Yeremia alikuwa ananipungia mkono huo. "Msalimie mrithi wako," alikuwa akisema.

Nilicheka na wenzangu. Huwa nacheka ninapotaka kulia. Nimesomea umeme chuoni na fundi naweza kuwa, lakini gitaa lile ndilo linalonifanya nikae mbele za watu bila kulazimika kuongea.

Optatus aliposikia habari za boksi alishika kiuno. "Umewafungulia na mlango?"

"Nilidhani wanasaidia."

"Jamani, huyu mtoto!" Yeremia alikuwa amekaa chini kwa kicheko.

Kumkasirikia mtani ni aibu, na ukikasirika anachukua na kingine. Kwa hiyo Optatus akaenda kutafuta jogoo kwa heshima zote. Hakumpata. Majogoo wote wa mtaa walikuwa wameshaingia kwenye sufuria za harusi, na wawili tulikuwa tumeshawala na wali.

Aliporudi mikono mitupu, Mama Faridi alitoka nje akiburuta kiboksi kifupi cha rangi ya kijani, chenye spika nne ndogo. Ni cha mwanawe Faridi, anakipigia muziki dukani kwake.

"Shikeni hili," akasema. "Msije mkarudi Masasi mkasema Newala wachoyo."

Optatus aliniangalia. "Yatakaa pamoja haya?"

Nilitoa mita yangu ya umeme nikapima. Amplifaya ina kiwango chake: ukiifungia maboksi yenye ukinzani mdogo mno, inachemka mpaka inakufa. Kiboksi cha kijani kilikuwa na ukinzani sawa na wa langu lililobaki, na yote mawili pamoja yalifikia kiwango ambacho amplifaya yetu inakiweza. Nikatikisa kichwa kukubali, nikaunga nyaya.

Tukaanza kupiga. Besi ikatoka kama mbu ndani ya chupa.

Nikaongeza sauti. Mbu akanenepa kidogo, basi. Wageni waliosimama kucheza walisimama hivyo hivyo, kama wanaosubiri mtu aje. Optatus akageuka akamwashiria Yeremia kwa kidole. Mkono wa kushoto ukashuka kwenye kinanda, na besi ikaanza kusikika kupitia spika za kinanda. Si yangu.

Nilipiga wimbo wote ule huku sipigi chochote. Akina mama wakachukua uwanja na ngoma yao, sisi tukapumzika. "Leta gitaa tulifunike," Optatus alisema polepole, na upole wake ndio ulioniumiza.

"Kaka, nipe muda wa ngoma yao hii moja," nikamwambia.

Nikachomoa kiboksi cha kijani, nikagusa uzi wa gitaa. Boksi kubwa peke yake likanguruma, nene lakini halieleweki, kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Nikachomeka tena cha kijani. Mngurumo ukapotea! Spika zimeongezeka, besi imepungua. Hapo nikajua. Moja lilikuwa linasukuma hewa wakati jingine linaivuta. Kila moja lilikuwa linakula kazi ya mwenzake.

Ili kuhakikisha nilihitaji betri ya tochi, na ili kuipata ilibidi niongee.

"Mama Faridi, naomba betri ya tochi."

"He! Sasa wewe ndiye unayedai fidia?"

"Ndiyo," nikasema, na sijui nilipata wapi hilo, "na isiwe na doa."

Akina mama wakapiga yowe la furaha. Betri ikaletwa. Nikafungua kitambaa cha mbele, nikagusisha betri kwenye nyaya za boksi langu: pu! Karatasi ya spika ikaruka nje. Nikafanya vile vile kwenye kiboksi cha kijani: pu! Karatasi zote nne zikanywea ndani.

"La kwao linatoa pumzi, la kwetu linavuta!" akasema mama mmoja.

"La Newala linavuta ugoro," Yeremia akadakia.

"Rudia, rudia!"

Nikarudia. Mama Faridi akainyakua betri akajaribu mwenyewe, pu, pu, pu, na kila mara akiruka nyuma na kucheka. Nilipofanikiwa kumnyang'anya, nikafungua nyuma ya kiboksi, nikaupeleka waya mwekundu mahali pa mweusi na mweusi mahali pa mwekundu. Faridi alikuwa ameziunga kinyume, na dukani, kikiwa peke yake, nani angejua?

Tukarudi uwanjani. Nikapiga sauti ya kwanza.

Chupa za soda zilitembea mezani. Boksi kubwa liliichukua sauti likaishusha hadi kwenye udongo, na zile spika ndogo zikaipa uso, kila kidole changu kikasikika kikisema lake. Maboksi yangu mawili yaliyofanana hayakuwahi kufanya hivyo. Yalikuwa yanamwaga uji tu. Mama Faridi aliweka kiganja tumboni, akasema, "Imeingia humu!" akaanza kucheza na mkono ukiwa pale pale.

Nikacheka kwa sauti, mbele za watu, huku napiga.

Yeremia aliinua mkono wake wa kushoto kutoka kwenye kinanda, akautazama kwa huruma. "Pole, mdogo wangu," akauambia. "Umefukuzwa kazi."

Wimbo ulipoisha Optatus alinijia, jasho likimtiririka. "Unaofuata utauanzisha wewe."

"Mimi na nani?"

"Wewe peke yako. Sisi tutaingia baadaye."

"Wote wataniangalia!"

"Ndiyo maana yake."

Wakaniangalia kweli, uwanja mzima. Watoto waliacha kukimbia. Nikafumba macho ili nisiwaone. Halafu nikaona nitakosa kuona chupa zikitembea, nikayafumbua, nikaanza.