Tuta la Wifi

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Ukimpelekea suruali apunguze, unaondoka umepunguzwa na wewe. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye kwa miaka miwili hakumpa neno, zuri wala baya. Mtu huyo ni wifi yake, mjane wa kaka yake wa pekee.

Sababu mtaa mzima uliijua. Kaka mtu alipofariki, Mama Pindo alikuwa mbali, mwendo wa siku nzima. Alipiga simu analia: "Nisubirini jamani, kesho jioni nafika." Hawakumsubiri. Alifika akakuta watu wanapakia viti vya kukodi na kaburi limeshafukiwa. Aliyesema azikwe ni wifi. Basi, ikawa imetoka hiyo.

Sasa, nyuma ya zahanati kulikuwa na kiwanja kimejaa vitanda vibovu na machupa. Nesi wa pale, mwanamke mfupi asiyejua kukaa chini, alikuwa amechoka kuwaambia watu wa presha na sukari wale mboga, na wao kumjibu kwamba mboga hazidondoki kutoka juu. Siku moja akawaita wote, kiwanja kikasafishwa, yakapigwa matuta ishirini, kila mtu na lake. Kisha akatoa sharti ambalo halijapata kusikika: marufuku kumwagilia tuta lako mwenyewe. Mnapangwa wawili wawili, wewe unamwagilia la mwenzio, naye lako.

"Ukikuta tuta lako kavu, usinune," Nesi alisema. "Nenda kagonge mlango wa mwenzio. Mtu haachi tu kumwagilia, lazima kuna jambo."

Wakapiga kura, na kura haina macho. Mama Pindo wa presha akaangukia kwa wifi yake wa sukari. Watu wakakohoa. Mama Pindo akakunja karatasi yake vizuri, akaitia kifuani, akasema, "Mimi namwagilia mboga, simwagilii mtu."

Yeye alikuja alfajiri, wifi alikuja alasiri akitoka kupika shuleni, kwa hiyo hawakukutana. Kila asubuhi Mama Pindo aliumwagilia mchicha wa wifi huku anauambia, "Kunywa wewe, huna kosa." Na kila asubuhi alikuta lake limelowa vizuri mpaka pembeni. Siku moja alikuta nyanya zake zimefungiwa vijiti ili zisilale, akaudhika kweli. Nani kamtuma? Lakini nyanya alizila, na mchicha wa tuta lake akala, na kule kuinama na kuinuka kukampa usingizi aliousahau. Presha ikashuka. Nesi alimpima mara mbili kwa kutoamini.

Halafu Jumatatu moja akakuta tuta lake kavu.

Alijua sharti. Alitakiwa aende akagonge. Lakini loo, agonge mlango ule? Ataonekana kajipeleka. Na wenzake wakiliona kavu, watasema hata wifi yake kamtupa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachota maji akamwagilia lake mwenyewe. Jumanne akafanya hivyo hivyo. Jumatano, Alhamisi, vivyo hivyo. Kila aliyepita aliona tuta la Mama Pindo limestawi, akajua kwa wifi yake kwema.

Ijumaa, alipokuwa anaumwagilia mchicha wa wifi, akagundua umerefuka mpaka unatoa maua. Haujachumwa wiki nzima. Mtu anaweza kuninunia mimi, akawaza, lakini atainunia mboga yake mwenyewe?

Aliondoka mbio, viatu vya bustanini mguuni.

"Hodi! Wifi, hodi!"

"Pita. Hapajafungwa." Sauti ilikuwa ndogo.

Wifi alikuwa kitandani, mguu umezungushiwa kitambaa, chumba kinanuka kidonda. Alikanyaga msumari Jumapili, na kwa sukari ile hakuusikia mpaka mguu ulipovimba. Shule zilikuwa zimefungwa, mtoto wake alifanya kazi mji mwingine, na wapangaji wenzake walidhani amesafiri.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ungepokea?"

Mama Pindo akainama, akaanza kukifungua kile kitambaa.

"Nilijua tuta likikauka utakuja," wifi akasema, "hata kama ni kuja kunitukana. Nikakungoja Jumatatu. Nikakungoja Jumanne. Jana nikasema, kumbe ananichukia kuliko nilivyodhani."

"Nililimwagilia mwenyewe," Mama Pindo akasema, na machozi yakamtoka. "Niliona aibu ya watu. Nisamehe, wifi yangu. Nimekuacha hapa kwa sababu ya aibu."

Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, yeye na presha yake, huku anamfokea kila aliyesimama kutazama badala ya kusaidia.

Hospitali waliuokoa mguu. Kidole kidogo hakikuokoka. Daktari alisema wangekuja Jumanne pengine kingepona, na Mama Pindo alilibeba neno hilo mpaka kando ya kitanda, akalisema lote bila kupunguza, kisha akainamisha kichwa.

Wifi akamwinua kidevu.

"Na mimi nilikosa," akasema. "Siku ile ya msiba ulilia kwenye simu, nikaogopa. Nikasema huyu akifika akalia hivi, nami nitaanguka, na mtoto wangu ananitazama. Nikaharakisha. Sikuwa na sababu nyingine. Nilikuonea."

Muuguzi alipita, akarekebisha shuka, akaenda zake. Kisha wifi akachungulia mguu wake uliofungwa bandeji, na pembe ya mdomo ikamcheza.

"Unajua, wifi, hata hicho kidole wamekizika bila kukusubiri."

Mama Pindo alitaka kukasirika, ikashindikana. Kicheko kilimtoka puani, wifi naye akaangua, wakacheka mpaka wagonjwa wa jirani wakainuka kutazama, na katikati ya kicheko Mama Pindo akawa analia, analia kile kilio cha miaka miwili ambacho hakuwa amempata wa kulia naye. Wifi alimshika mkono, hakumwambia anyamaze.

Mama Pindo alipotulia, akajifuta uso kwa upindo wa gauni, akavuta kiti karibu.

"Haya, niambie," akasema. "Siku ile mliyomzika kaka. Nieleze yote, usiniruke kitu. Anzia asubuhi."

Wifi akajiinua kidogo kwenye mto, akaanzia asubuhi.