Busu la Manowari Durance

Norine Aubanel alikuwa na kinyongo cha miaka ishirini na tano, na hakuwahi kukionea haya. Siku ya kumzika baba yake, palepale makaburini Toulon, Lucien Tassy aliwaambia wenzake, kwa sauti ya kusikika, kwamba marehemu Barnabé alizamisha meli moja tu maishani, nayo ni ya kwao wenyewe. Wakacheka. Norine alikuwa bado ameshika udongo mkononi.

Barnabé alikuwa fundi mitambo katika Durance, manowari nyepesi ya Kifaransa yenye mbio. Mwaka 1940 ilipiga mizinga pwani ya Italia. Novemba 1942, Wajerumani walipoivamia bandari alfajiri, amri ilikuwa moja: kila meli izamishwe na mabaharia wake, adui asipate hata msumari. Barnabé alifungua valvu za kuingiza maji melini kwa mikono yake, akatoka maji yakiwa kiunoni. Mpaka anakufa hakuweza kuitazama ile gati bila kulia. Tassy, aliyezaliwa vita vimekwisha, ndiye aliyejifanya kuujua ushujaa.

Uzeeni Tassy akawa bingwa wa baa ya mtaa wa Mourillon katika mchezo wa manowari wa kwenye kompyuta. Siku zote alichagua meli ya Kijerumani yenye mizinga mikubwa, na kwa Norine hilo lilikuwa tusi la pili. Aliposikia kwamba mchezo umeongezewa Durance, alijifungia jikoni kwake majira yote ya baridi, akajifunza kuiendesha huku supu ikiungua.

Jumapili moja, baa imejaa, akamtaka Tassy wapigane wawili tu kwenye mchezo huo. Sharti aliloweka lilikuwa lile la mchezo wa tufe za chuma: anayefungwa bila kupata hata pointi moja hupiga magoti akayabusu makalio ya Fanny, mwanamke aliyechorwa amejifunua kwenye picha ambayo baa huitundika ukutani nyuma ya pazia. Kwa hiyo, Tassy akizamishwa bila kuigusa Durance hata kwa kombora moja, atambusu Fanny mbele za watu. Tassy alicheka mpaka akakohoa.

"Bi mkubwa, hiyo Durance ukiipulizia tu inazama. Si ndiyo desturi ya ukoo wenu?"

Norine akavuta kiti.

Alianza kwa kukimbia. Makombora ya Tassy yalianguka nyuma yake, kisha ubavuni, kila moja karibu zaidi, na Norine alijua kwamba likimgusa moja tu, jasho la majira yote ya baridi limekwenda bure. Akamwaga moshi wa kujifichia, akapotelea ndani yake. Mtu mwenye akili angezungukia mbali. Lakini Tassy alidhani anapigana na binti wa mwoga.

"Mnaona? Anatoroka kama babake," akawaambia waliomzunguka, akaiingiza meli yake moja kwa moja kwenye moshi.

Durance ilikuwa imesimama humo inamngoja, torpedo zake zote, yale makombora yanayopita majini, tayari. Zilimpata tumboni. Meli ya Kijerumani ikakatika vipande viwili kabla hajageuza mzinga hata mmoja. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Watu walicheka wakagonga meza. Mwenye baa akafunua pazia la Fanny. Tassy akajitetea kwamba magoti yanamuuma, kwamba huo ni mchezo wa watoto, lakini nani angemsikiliza? Akashuka taratibu, ameshikilia meza.

"Si huyo," Norine alisema. Akaisogeza kompyuta, akaizungusha Durance mpaka ikampa Tassy kisogo, tezi yake, yaani sehemu ya nyuma ya meli, imejaa kioo kizima, haina hata mkwaruzo. "Fanny hujamkosea kitu, Lucien. Busu hapa."

Tassy alimtazama usoni akitafuta mzaha. Hakuuona. Akabusu.

"Usiinuke. Hilo ni la meli. Sasa la baba."

Akabusu tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Norine aliona raha, raha tupu, isiyo na chembe ya huruma. Wanaosema kisasi hakishibishi hawajawahi kukila. Mchana ule aliagiza samaki, akamaliza sahani, akaomba aongezewe.